Asubuhi Walinihurumia, Jioni Wakanishtaki

Nilikuwa nimelala kifudifudi juu ya lami, kofia ngumu kichwani, viwiko vinawaka moto.

Wanaume sita walikuwa wamenizunguka. Mmoja alikuwa na saa mkononi. Hakuna aliyeinama kunisaidia.

Haikuwa ajali. Gari langu lilikuwa hapo nyuma yangu, zima kabisa, mlango wazi. Injini ilikuwa haijawashwa tangu tufike uwanjani.

"Sekunde kumi na mbili," akasema mwenye saa. "Umeshindwa, dada. Pole sana."

Nikainua uso nikamtazama.

"Kanuni inatoa majaribio mangapi?"

Akaitazama saa yake.

"Mawili," nikajijibu mwenyewe. "Nimeisoma. Nipisheni nirudi ndani."

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, maana najua mmeshaanza kujiuliza huyu mwanamke ana wazimu wa aina gani.

Mimi ni fundi wa turbo.

Polio ilinipitia nikiwa na miaka mitatu, ikaondoka na nguvu za miguu yote miwili. Miguu ipo, naivalisha soksi na viatu kama watu, lakini haijawahi kunifikisha popote. Natembelea kiti cha magurudumu. Mikono ndiyo kila kitu changu.

Karakana ni yetu wawili, mimi na kaka yangu. Yeye ni mchomeleaji, mtaa mzima unamwita Cheche. Mimi naitwa Konokono.

Jina hilo lina sababu mbili. Ya kwanza, turbo ukiitazama imejikunja kama gamba la konokono. Ya pili mnaijua, msijifanye.

Kwa asiyejua, turbo ni feni mbili kwenye fimbo moja. Feni moja inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, nyingine inaisukumia injini hewa. Hewa nyingi, nguvu nyingi. Ila ina ugonjwa mmoja. Ukiacha kukanyaga mafuta, moshi unapungua na feni inalala. Ukikanyaga tena, lazima usubiri iamke.

Kila dereva wa mbio anauchukia huo usingizi wa kutoka kwenye kona. Ukumbukeni.

Miaka kumi na minne nimekaa kwenye meza yangu nikifufua turbo za watu. Nafungua, nasafisha, nabadili sili zinazozuia oili kuvuja, napima mpaka fimbo izunguke bila kutikisika hata unywele. Wenyewe wanakuja, wanachukua, wanaondoka na kelele za eksozi.

Kila mwaka siku ya mashindano, zaidi ya nusu ya magari uwanjani yana turbo zilizopita mikononi mwangu. Na mimi niko kule kwa watazamaji, nimeshikishwa mwavuli wa mtu.

Mwaka jana nikasema basi.

"Kaka, nataka kuingia."

Cheche akafikiri nasema kuingia ndani. Akaja kushika kiti anisukume.

"Kuingia kwenye mashindano," nikamwambia.

Akakaa juu ya tairi.

"Kwa miguu ya nani?"

"Kwa mikono yangu."

Tulipomwambia mama, ndiyo usiseme. Aliweka sufuria chini, akajifunga kanga vizuri kama anayekwenda vitani.

"Mungu alikunyima miguu akakupa akili," akasema. "Sasa unataka ukakivunje na hicho kichwa?"

"Mama, wote wanaoingia pale wana vichwa."

"Na wewe Cheche! Badala ya kumkanya mdogo wako, unampulizia moto!"

Cheche akaangalia dari.

Gari tulilipata kwa mwalimu mmoja mstaafu. Dogo, la kijivu, milango minne, injini ya cc elfu moja na mia tano yenye turbo. Giaboksi ya otomatiki. Vijana wa mtaani waliangua kicheko. Otomatiki kwenye uwanja wa mbio! Wakasema hilo ni gari la kubebea mboga.

Lakini otomatiki haina klachi. Klachi ingenitaka mguu, na mguu sina.

Tukaanza kazi.

Tulivua viti vyote, zulia, redio, mpaka bitana za milango. Tukaacha kiti kimoja tu, changu. Turbo ya kiwandani nikaitoa, nikaweka niliyoijenga mwenyewe, ndogo kuliko wengi wanavyopenda. Watu wanapenda turbo kubwa kwa sababu inatisha kuitazama. Mimi nilitaka inayoamka haraka.

Mbele tukafunga kipoza kikubwa cha hewa ya turbo, na rejeta ndogo ya pekee kwa ajili ya oili ya giaboksi, kwa sababu otomatiki ikichemka inakuacha njiani bila kuaga.

Halafu ikaja kazi yenyewe. Mafuta na breki.

Cheche alichukua pete ya gurudumu la kiti changu cha zamani, ile ya kusukumia kwa kiganja. Akaikata, akaikunja upya ikawa ndogo, akaifunga nyuma ya usukani. Ukiivuta kwa vidole, waya unafungua mafuta. Ukiiachia, yanafunga.

Breki akaiwekea wenzo wa chuma pembeni ya kiti. Unausukuma mbele kwa mkono wa pili.

"Vuta, nenda. Sukuma, simama," akasema. "Hata mama anaweza."

"Usinitaje kwenye ujinga wenu," mama akajibu kutoka jikoni.

Nilijifunza kwenye yadi ya maghala iliyofungwa, kila Jumapili asubuhi, miezi saba. Leseni ya gari lililobadilishwa nilikuwa nayo siku nyingi. Ila kwenda nayo sokoni ni kitu kimoja, na kuingia nayo kona kwa kasi ni kitu kingine. Mwezi wa kwanza niligonga mapipa mengi tuliyoyapanga yawe kona, mpaka mlinzi wa pale akawa anayahesabu kwa sauti.

Mwezi wa nne likatokea jambo.

Naingia kona, nikasukuma breki, nikasahau kuachia pete. Vidole vilibaki vimeshika. Breki inauma, mafuta yanaingia, vyote kwa pamoja.

Cheche, aliyesimama karibu na kona, alipiga kelele. "Achia! Achia!"

Nikaachia breki.

Gari liliruka. Halikusubiri chochote. Turbo haikuwa imelala, maana sikuipa nafasi ya kulala. Lilitoka kwenye kona kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa.

Nikasimamisha gari katikati ya yadi.

"Umeona?" nikamuuliza alipofika dirishani.

"Nimeona ukitaka kutuua."

"Tena," nikasema.

Tulirudia mara ishirini. Breki zilitoa moshi, zikanuka kama nguo iliyoungua. Basi tukatoboa bampa ya mbele, tukapitisha mabomba mawili ya hewa mpaka kwenye breki, tukabadili na maji yake tukaweka yasiyochemka upesi. Tatizo likatulia.

Nikaelewa kitu kilichonifanya nicheke peke yangu. Wenye gari za klachi, mguu wa kushoto una kazi yake, wa kulia unahama kutoka mafuta kwenda breki. Lazima waache kimoja washike kingine. Mimi mikono yangu miwili inafanya yote kwa wakati mmoja.

Siku kumi kabla ya mashindano, Sementi akaja karakana.

Sementi ni muuza vifaa vya ujenzi, bingwa wa daraja letu miaka minne mfululizo. Mtu wa mwili, wa kucheka kwa sauti, saa ya mkononi kubwa kama sahani ya chai. Turbo yake ilikuwa inakohoa.

"Konokono, nasikia na wewe umejiandikisha."

"Umesikia vizuri."

"Safi sana. Inatia moyo. Nitawaambia wakuwekee kivuli usije ukaungua na jua."

Akaweka turbo mezani, akaondoka.

Niliifungua. Fimbo ilikuwa inacheza, sili imekwisha. Ningeweza kuifunga nusunusu. Ingekwenda vizuri siku mbili, ya tatu ingetapika oili mbele ya watu. Nani angejua?

Cheche alinitazama. Alijua ninachowaza.

Nikabadili sili zote, nikaipima mara tatu. Siyo kwa wema. Nilitaka nimshinde akiwa mzima, asije akapata pa kusingizia.

Sasa turudi pale kwenye lami.

Kanuni inasema kila dereva aweze kutoka garini peke yake ndani ya sekunde kumi, akiwa amefunga mikanda, endapo moto utawaka. Kanuni nzuri, sina ugomvi nayo. Nyumbani nilifanya mazoezi mpaka viwiko vikachubuka damu. Asubuhi moja nikakuta ovaroli yangu imeshonwa viraka vya ngozi viwikoni, mshono wa mama kabisa, mdogo mdogo. Hakusema neno. Na mimi sikuuliza.

Yule mwenye saa, mkaguzi mkuu, mzee mwembamba mwenye filimbi shingoni, alinirudisha ndani. Nikafunga mikanda. Miguu nikaifunga pamoja kwa utepe wangu ili isijikunje chini ya usukani. Mara ya kwanza miguu ndiyo iliyonichelewesha.

Akapuliza filimbi.

Kufuli ya mkanda. Mkono kwenye nguzo ya mlango. Vuta. Kiuno kikapita, nikajitupa, nikatambaa hatua mbili kwa viwiko.

"Sekunde nane," akasema. Akaitazama saa tena kama imemdanganya.

Wale wanaume wakaanza kupiga makofi, makofi yale ya kumpigia mtoto aliyemaliza uji. Mmoja akaniambia, "Hongera dada, wewe tayari ni mshindi. Hata usipoendesha."

Nikapanda kitini mwangu, nikajifuta vumbi.

"Anayefuata nani?" nikauliza.

"Anayefuata nini?" mkaguzi akashangaa.

"Kanuni inasema kila dereva. Sijaona mwingine akilala chini."

Wakarudi nyuma hatua moja.

Mzee yule akafungua kitabu chake, akasoma, akakuna kidevu. "Ni kweli," akasema taratibu. "Imeandikwa kila dereva."

Mkuki kwa nguruwe! Mngeziona nyuso zao.

Sementi aliingia garini mwake anacheka. Filimbi ikalia. Mkanda ukamng'ang'ania tumboni, mguu ukanasa chini ya usukani, kofia ikagonga mlango. Alitoka anahema kama aliyepanda ngazi za ghorofa kumi.

"Kumi na sita," mkaguzi akasema. "Umeshindwa, kaka. Jaribio la pili."

La pili alipata kumi kamili. Alipopita mbele yangu hakuwa anacheka tena.

Mashindano yetu si ya kukimbizana. Kila gari linaingia peke yake, mizunguko mitatu, na mzunguko wako bora ndio unaohesabiwa. Kona kumi na moja. Sementi aliweka dakika moja, sekunde thelathini na moja na nukta nne. Watu wakaanza kukunja viti.

Nikaitwa mimi wa mwisho.

Mzunguko wa kwanza nilikwenda kwa adabu. Thelathini na nne.

Wa pili nikazidisha tamaa. Kona ya saba nilichelewa kusukuma breki, mkia ukanipita, gari likazunguka likaingia kwenye majani. Vumbi likafunika kioo. Nikasikia watu wakipiga mayowe, na katikati ya mayowe yote nikaisikia sauti moja tu, ya mama yangu. Alikuwa ameapa hatakuja.

Mkaguzi alikuja mbio mpaka dirishani.

"Umeumia?"

"Hapana."

"Dada yangu, inatosha. Umeonyesha. Hakuna atakayekudai zaidi ya hapo."

Nilimwangalia. Hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa huruma ya kweli, na ndiyo iliyonichoma.

"Mzee, gari lina hitilafu yoyote unayoiona?"

Akalizunguka. Akaangalia tairi, akachungulia chini.

"Hapana."

"Nimevunja kanuni?"

"Hapana."

"Basi nina mzunguko mmoja. Ni wangu."

Akarudi nyuma, akainua bendera.

Nikajikaza kisabuni. Kona ya kwanza, wenzo mbele, pete nimeishikilia. Turbo inapiga mluzi wake mwembamba, haijalala. Nikaachia wenzo. Gari likaondoka. Kona ya pili hivyohivyo. Ya tatu. Kipimo cha joto cha giaboksi kinapanda, nikakiona, nikakisamehe. Kona ya saba nikasukuma mapema kwa kiasi cha pumzi moja, na nikapita pale pale nilipoacha alama za tairi zangu.

Nilipovuka mstari sikusikia kitu. Nikafikiri nimeharibu.

Kisha nikaona Cheche anakimbia uwanjani kinyume cha kanuni zote, amebeba kiti changu kichwani.

Thelathini na nukta tisa. Nilimpita Sementi kwa nusu sekunde.

Mama alinishika uso kwa mikono miwili. "Mjinga wewe," akasema, huku machozi yanamtoka. "Mjinga wewe, mwanangu."

Kikombe sikukipata siku ile.

Tulikuwa tunapakia vifaa mkaguzi alipokuja na karatasi. Hakunitazama usoni.

"Kuna malalamiko."

Nikasoma. "Gari namba kumi na saba lina kifaa cha mkono kinachompa dereva faida ambayo washindani wengine hawawezi kuipata. Tunaomba matokeo yafutwe." Chini kulikuwa na sahihi ya Sementi, na nyingine tatu.

Asubuhi walikuwa wananipigia makofi ya huruma. Jua halijazama, nimekuwa tapeli mwenye faida!

Cheche alikunja mikono ya shati. "Yuko wapi? Nimuonyeshe faida ya mkono."

"Kaa chini."

"Nikae chini? Wanakudhulumu!"

"Kaka, kaa chini. Hii ni mara ya kwanza maishani mwangu mtu ananiogopa. Niache niionje."

Kikao kikapangwa baada ya wiki tatu.

Siku ya tisa, saa sita mchana, gari la Sementi likasimama mbele ya karakana. Akashuka. Akaangalia huku, akaangalia kule, kama mtu anayenunua dawa ya aibu.

"Habari za kazi, Fundi."

Fundi! Miaka yote Konokono, leo Fundi.

"Nzuri. Turbo imesumbua?"

"Hapana, hapana. Turbo iko poa." Akajikuna shingo. "Ile pete yako... mnaweza kutengeneza nyingine?"

"Ya nani?"

"Kuna rafiki yangu anaitaka."

"Rafiki ana gari gani?"

Akalitupia gari lake jicho. "Kama langu hivi."

"La kwako ni klachi. Pete haitamsaidia sana."

"Ameshaagiza giaboksi ya otomatiki," akasema haraka. Kisha akaona alivyojifunga mwenyewe, akashusha pumzi. "Sawa. Ni mimi. Naitaka mimi."

Huko nyuma Cheche aliangusha nyundo. Nilimwona akiuma shati asicheke.

Kwetu hakuna gari linaloguswa bila kadi ya kazi. Nikamsogezea moja, na kalamu.

"Jaza kama kawaida."

Akajaza. Jina, namba ya gari, kazi inayotakiwa. Aliandika kwa mkono wake: "Kufungiwa pete ya mafuta ya mkononi kama ya gari namba kumi na saba." Akatia sahihi. Mtu akishazoea kujiona mjanja, huwa hasomi anachokisaini.

Siku ya kikao nilikwenda na kadi hiyo ndani ya bahasha.

Sementi alizungumza kwanza. Alizungumza vizuri, sitamnyima haki yake. Alisema ananiheshimu sana, mimi ni mfano kwa jamii, ila mashindano lazima yawe ya usawa, na kifaa kile hakuna mwingine anayeweza kuwa nacho.

"Una la kujibu?" mkaguzi akaniuliza.

Nikampa bahasha.

Aliisoma. Akaisoma tena. Kisha akavua miwani.

"Mlalamikaji, sahihi hii ni yako?"

Sementi aliinuka kuitazama, na rangi ikamshuka.

"Ni yangu, lakini..."

"Umesema hakuna mwingine anayeweza kukipata kifaa hiki. Wewe umeambiwa utakipata lini?"

Nikamjibia mimi.

"Wiki mbili," nikasema. "Tuna foleni."

Wale watatu waliotia sahihi pamoja naye walikuwa wa kwanza kucheka.

Malalamiko yakatupwa. Kikombe nikapewa palepale, mezani, bila muziki wala picha.

Wapo mtakaosema nimetoa siri ya mteja. Semeni. Ningeitunza mpaka kaburini kama yeye angeniacha na ushindi wangu. Mtu hawezi kuniita tapeli mchana halafu anitake nimfundishe utapeli huohuo kwa mlango wa nyuma.

Na pete yake nilimfungia, tena vizuri. Kazi ni kazi. Jumapili iliyopita alikuwa kwenye ile yadi ya maghala, gari linarukaruka kama chura, mapipa yanaanguka, mlinzi anahesabu. Nilimwambia vidole vyake vina haraka. Akaniuliza itamchukua muda gani. Nikamwambia mimi ilinichukua miezi saba, yeye mwenye miguu aongeze mitatu ya kuisahau.

Nimeandika haya kwa ajili ya mtu mmoja aliyeko mahali fulani, anayepigiwa makofi kwa kuwepo tu. Wanakwambia wewe tayari ni mshindi, ili usije ukaingia kushindana.

Ingia. Soma kanuni, zote, mpaka ile ya mwisho iliyoandikwa kwa herufi ndogo. Halafu dai mzunguko wako.

Na siku utakapoona waliokuhurumia wameanza kukulalamikia, usilie. Jua umefika.